Kadi Imelala, Deni Liko Macho: Vidokezo vya Kumaliza Ubishi Kwenye Base

Pita Sarang'ombe, mtaani Kibera, jioni yoyote. Iwe ni steji ya bodaboda ya Olympic, mbele ya kinyozi kule Gatwekera au kwenye ngazi za ploti ya Kianda, utakuta watu wanne wamezunguka kreti ya soda iliyopinduliwa, na wengine watano wamesimama nyuma yao wakiwasaidia kukosea. Hiyo ndiyo base, kijiwe cha mtaa. Wanacheza kadi. Wapo wanaouita mchezo huu poka, ingawa na ile poka ya kasino hawajuani hata kwa salamu.

Ubishi wake una tabia moja. Mara chache watu hugombania kadi inayoangushwa sasa hivi, maana hiyo kila mtu anaiona. Wanagombania ile iliyoangushwa zamu mbili zilizopita, ambayo imeshafunikwa na nyingine lakini mtu anadai nguvu yake bado ipo. "Buda, hiyo tatu ilishalipwa!" "Ililipwa na nani?" Kuanzia hapo mchezo umesimama.

Kwa msomaji wa mbali, picha ya haraka ni hii. Kadi ni 54, jokeri mbili zikiwemo, na kwa kawaida kila mmoja hupewa nne. Unaangusha kadi inayolingana na ya juu kwa alama au kwa namba. Ukikosa, unaokota moja. Mbili inampa anayekufuata adhabu ya kadi mbili, tatu inampa tatu, jokeri inampa tano. Nane na Kwini ni maswali. Jeki inaruka mtu, Kingi inageuza mwelekeo, Esi inaitisha alama unayoitaka au inazuia adhabu. Kadi za kujibu ni 4, 5, 6, 7, 9 na 10. Base watakutajia hati, flawa, dayamondi na spedi. Mimi nitasema kopa, maua, uru na shupaza ili msomaji wa Tanga naye asiachwe nyuma.

1. Kubalianeni kabla kadi hazijagawiwa

Mchezo huu hauna kampuni wala makao makuu. Ni ndugu wa Crazy Eights ya Marekani, Switch ya Uingereza na Mau-Mau ya Ujerumani, na wote walisambaa kwa mdomo. Ndiyo maana sheria za Kawangware 46 zinaweza kupishana na za Bombolulu, na pande zote mbili zikawa sawa. Kosa ni kugundua tofauti hiyo ukiwa umebakiza kadi moja.

Ulizeni mambo matano tu. Adhabu zinajumlishwa, au ya mwisho inafuta iliyotangulia? Esi iliyozuia adhabu inaruhusiwa kuitisha pia? Esi ya shupaza ina nguvu ya ziada? Aliyekosa jibu akaokota kadi inayojibu, anaiangusha papo hapo? Kingi inaweza kumrudishia mtu adhabu aliyoituma? Mkishajibu, andikeni kwenye kifuniko cha katoni na mkiweke mahali kinapoonekana.

Kama unadhani huo ni uoga, kumbuka kinyozi mmoja wa mji wa Reading, jimbo la Ohio, aitwaye Merle Robbins. Inasimuliwa kwamba alibishana na mwanawe Ray kuhusu sheria za Crazy Eights hadi akaamua kutengeneza kadi zake mwenyewe, maelekezo yakiwa yameandikwa juu yake. Huo ndio Uno, wa mwaka 1971. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo, kalamu inatosha.

2. Uliza: hili deni ni la nani?

Hiki ndicho kidokezo ninachokiamini kuliko vyote. Kila kadi yenye nguvu inaacha deni nyuma yake, na ubishi mwingi huisha ukiuliza maswali matatu: nani anadaiwa, hadi lini, na kitu gani kinalilipa.

Madeni yenyewe ni ya aina mbili. Lipo deni la mtu na lipo deni la meza. Adhabu ya tatu ni ya mtu: inamwangukia anayefuata, basi. Kuitisha kopa ni deni la meza: kila mwenye zamu analikuta pale hadi mmoja alilipe.

Ukitatizika, tumia mtihani huu. Mwenye zamu ni mwendesha bodaboda, abiria amefika, na yeye anataka kuondoka. Je, jambo lile linaondoka naye? Kama ni adhabu, ndiyo, ni yake, na aokote kabla hajawasha pikipiki. Kama ni kopa iliyoitishwa, aende zake salama. Kopa inabaki ikimsubiri atakayefuata.

Ndiyo maana pia kadi ya kwanza kufunuliwa mezani huwa ya kawaida, kati ya 4 na 7, 9 au 10. Ikifunuka mbili, nani aliyeituma? Deni lisilo na mwenyewe halilipiki. Irudisheni ndani, mfunue nyingine.

3. Adhabu hulipwa mara moja

Kinyozi ameangusha 2 ya kopa. Fundi viatu hana la kuzuia, anaokota mbili. Sasa ni zamu ya muuza mutura, na kadi ya juu bado ni ile ile 2 ya kopa, inamkodolea macho. Je, naye aokote mbili?

Hapana. Deni lilikuwa la fundi viatu na amelilipa. Kinachobaki mezani ni alama na namba: muuza mutura anaweza kuangusha kopa yoyote, au mbili ya alama nyingine, na akiangusha mbili hiyo ni adhabu mpya kabisa. Kadi haiumi mara mbili kwa sababu tu hakuna aliyeifunika.

Hebu sasa tuseme fundi viatu hakuokota, bali aliiwekea 3 ya kopa juu yake. Hapa ndipo base zinapoachana. Kuna wanaosema adhabu ni tatu, kwa kuwa ile mbili imefutwa. Na kuna wanaosema ni tano, kwa kuwa madeni yamefuatana. Mimi naunga mkono adhabu ya mwisho peke yake. Kujumlisha ni raha kwa dakika moja, kisha mtu anajikuta ameshika kadi kumi na tano na hana hamu tena ya kucheza. Lakini hilo ni pendekezo tu. Hata wenye Uno walijaribu kuamua: Mei 2019 ukurasa wao rasmi wa Twitter ulitangaza kwamba huruhusiwi kujibu adhabu kwa adhabu ukamsukumia mwenzako jumla yake, na dunia nzima ikawajibu kwamba hawajui mchezo wao wenyewe. Kama wenye mali wamegomewa, wewe wa Kibera Drive usitegemee kushinda kwa ukali. Rudi kwenye kifuniko cha katoni.

Jokeri inahitaji neno moja la ziada, kwa sababu haina alama. Baada ya mtu kuokota zile tano, anayefuata aangushe nini? Chaguo lisilo na kelele nyingi ni rangi: jokeri nyekundu inafuatwa na kopa au uru, nyeusi na maua au shupaza.

4. Kuzuia si kuitisha

Umetumiwa jokeri, ukaweka Esi. Deni limekufa, halikuhamia kwa anayekufuata wala halikurudi kwa aliyelituma. Safi. Lakini usinyooshe mkono ukasema "na ninataka maua." Esi moja hufanya kazi moja. Imezuia, basi, na mchezo unaendelea kwa alama ya Esi yenyewe.

Esi ya shupaza ndiyo mkorofi wa familia. Base nyingi huihesabu kuwa Esi mbili kwa pamoja, hivyo inaweza kuzuia na kuitisha kwa mpigo mmoja. Au, kama hakuna adhabu ya kuzuia, inaitisha kadi kamili, kwa mfano 7 ya kopa na si kopa yoyote.

5. Kilichoitishwa kinakaa hadi kipatikane

Wageni hudhani kwamba mtu akiitisha uru na anayefuata akakosa, akaokota, basi mambo yameisha. Hayajaisha. Wa tatu anadaiwa uru. Wa nne vilevile. Hata aliyeitisha, zamu ikimrudia bila mtu kulipa, anadaiwa uru aliyoitaka mwenyewe, na hakuna kitu kinachochekesha watazamaji kama mtu aliyeitisha kitu asichokuwa nacho.

Linakufaje? Kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni uru kuanguka, ya aina yoyote. Ikianguka Jeki ya uru, deni limelipwa, mtu ameruka, na tangu hapo sheria ya kawaida imerudi: anayecheza anaweza kuweka Jeki ya maua bila kuulizwa. Ya pili ni Esi nyingine. Aliyeitisha mwisho ndiye anayesikilizwa, na la kwanza limefutika; halijalala likisubiri kuamka baadaye.

Kuna hali mbili za kuangalia. Rundo la kuokotea likiisha, mnaacha kadi ya juu na kuchanganya zilizobaki. Deni la Esi haliondoki kwa kuchanganya. Na Esi ya shupaza ikiitisha kadi kamili ambayo imefichika chini ya rundo, meza nzima itaokota na kuokota. Wekeni kikomo cha mzunguko mmoja. Baada ya hapo deni linapungua na kuwa la alama tu.

6. Swali ni la aliyeuliza

Nane na Kwini zinawachanganya watu kwa sababu zinaonekana kumwelekea mwingine. Hazimwelekei. Ukiangusha Kwini ya maua, wewe mwenyewe ndiye unayedaiwa jibu la maua, katika zamu hiyo hiyo. Huna? Okota moja, na deni limekwisha. Anayekufuata hadaiwi jibu. Anacheza juu ya Kwini ya maua kwa sheria ya kawaida.

Unaweza kulijibu swali kwa swali: 8 ya kopa, Kwini ya kopa, Kwini ya maua, kisha 5 ya maua. Linalodai ni swali la mwisho peke yake. Kuna wenye ubishi watakaosema ile nane nayo bado inataka kopa yake. Waulize kama Kwini ya kopa haikuonekana.

Kuhusu kadi uliyookota kwa kukosa jibu, ambayo kumbe ni jibu lenyewe: mimi nasema ibaki mkononi. Umeshalipa, huwezi kulipa deni moja kwa njia mbili.

7. Mwelekeo usipotee

Jeki ni nyepesi. Inaruka mtu mmoja, mara moja, na haiachi kitu. Kingi ndiyo inayokaa: ukigeuza mwelekeo, umegeuka hadi Kingi nyingine ianguke, hata kama wote mmekwenda kununua smokie na kurudi. Wekeni kizibo cha soda mezani, kisogezwe kulia au kushoto kila Kingi inapoanguka. Mkiwa wawili, Kingi inamrudishia zamu aliyeiangusha.

8. "Niko kadi" ina umri wake

Maneno haya mawili husemwa kwenye zamu inayotangulia ile ya kumaliza. Ukiyasema huku unaangusha ya mwisho, umechelewa. Ukinyamaza, humalizi, hata kama kadi zako ni tamu kiasi gani.

Swali gumu ni hili: umesema, kisha ukalishwa jokeri kabla zamu yako haijakaa sawa. Sasa una kadi sita. Je, "niko kadi" yako ya mwanzo bado inaishi? Haiishi. Ulikuwa unatangaza hali ya mkono wako, na mkono huo haupo tena. Ukifika tena karibu, sema tena, kwa sauti, na majirani wasikie. Lakini ulichookota kikiwa ni kwa sababu ya kukosa tu, kadi moja, base kadhaa husamehe. Mimi sisamehi, ukishaokota, umeanza upya.

Na usisahau: unamaliza kwa kadi ya kujibu. Mwenye kumaliza kwa mbili au Jeki ameishiwa tu, hajashinda. Zamu yake ikirudi ataokota.

9. Azima akili kwa wenzetu wa kadi za kukusanya

Michezo ya kadi za kukusanya na kubadilishana ina madeni mengi kuliko yetu, na wameyafikiria kwa makini. Tangu Richard Garfield atoe Magic: The Gathering mwaka 1993, kanuni zake zimekua hadi kuwa kitabu kizito, na sehemu yake inahusu jambo hili hili: nguvu inayobaki baada ya kadi kuondoka. Vijana wanaoijua Yu-Gi-Oh! kwa katuni tu watafurahi kusikia kwamba nayo ina mabishano haya haya.

Wanatofautisha hivi. Giant Growth, ya Magic, inamwongezea kiumbe nguvu tatu hadi mwisho wa zamu, na kadi yenyewe inatupwa mara moja, nguvu inabaki. Glorious Anthem inawaongezea viumbe wako wote, lakini ni lazima ikae mezani. Ikivunjwa, nyongeza imekwenda nayo. Yu-Gi-Oh! ina Swords of Revealing Light, inayomzuia mpinzani kushambulia kwa zamu zake tatu: ukiiharibu kwenye zamu ya kwanza, zuio limeisha hapo hapo. Kwa hiyo swali lao la kwanza ni kama kadi imefanya jambo ikaondoka, au inalifanya jambo kila sekunde ikiwa pale.

Pokémon nayo inajua deni la mtu. Sumu anayopata Pokémon aliye mbele inaisha akirudishwa benchi au akibadilika kuwa umbo la juu zaidi, kwa sababu iliambatana na yule aliyesimama pale katika hali ile. Ndivyo ilivyo "niko kadi" na mkono uliobadilika.

La mwisho la kuazima kutoka Magic ni sheria fupi: kadi moja ikiruhusu na nyingine ikikataza, katazo linashinda. Itawaokoa mara nyingi.

10. Hakimu awe asiyecheza

Yule mzee anayesoma gazeti pembeni ndiye bora, hasa kama hana shilingi yake mezani. Kosa likigunduliwa kabla anayefuata hajaangusha, rudisheni. Akishaangusha, limepita, okoteni adhabu ya kosa mkikubaliana, lakini msijaribu kufumua zamu tatu, maana hakuna atakayekumbuka nani alikuwa na nini.

Jipime

Wanne wamekaa, zamu zikienda hivi: bodaboda, kinyozi, fundi viatu, muuza mutura. Bodaboda anaangusha Esi, anaitisha uru. Kinyozi hana, anaokota. Fundi viatu anaangusha 3 ya uru. Muuza mutura, mwenye kadi tatu, anazuia kwa Esi ya kopa. Bodaboda anaangusha Kingi ya kopa. Zamu inarudi kwa muuza mutura, ambaye anatandaza Kwini ya kopa na 9 ya kopa na kusimama akishangilia.

Bodaboda anapinga mambo matatu. Kwanza, kwamba uru ilikuwa imeitishwa: ilikufa pale 3 ya uru ilipoanguka. Pili, kwamba ile tatu bado inamdai muuza mutura kwa kuwa zamu imemrudia: ilikufa kwa Esi. Tatu, kwamba hakusema "niko kadi." Muuza mutura anasema alisema, mzunguko uliopita, kabla hajalishwa mbili na fundi viatu, na watazamaji wote wanakubali walimsikia.

Kwa mawili ya kwanza bodaboda ameshindwa. La tatu ni lake. Muuza mutura arudishe Kwini na tisa mkononi, aokote adhabu mliyoandika kwenye katoni, na zamu iende kwa fundi viatu, kwa sababu kizibo sasa kimeelekea upande wa pili.